Spirulina kwa uchovu na viungo kuuma, niendelee au niache?

Nimechoka36
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana huku kuchoka kwenyewe kumenichosha. Ni mama wa watoto wawili, nna miaka 36, miezi saba sasa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, nikipanda ngazi moyo unaenda mbio utadhani nimefukuzwa, na asubuhi vidole vinakaza vinauma mpaka nivikunjekunje kama dakika kumi ndo vinaachia. Shoga yangu akaniambia mwili umejaa inflamesheni, yaani uvimbe wa ndani kwa ndani, akaniletea kopo la unga wa spirulina, ule mwani wa kijani-bluu. Nakoroga kijiko cha chai kwenye maji, unaganda juu kama ukoga wa bwawa na harufu ni hiyo hiyo ya bwawa, naziba pua nameza, ulimi unabaki kijani. Leo ni wiki ya tano. Mwanzoni niliona kama nimechangamka kidogo, sasa nimerudi palepale, na choo kimekuwa cha kijani iliyokolea. Niongeze dozi, nihamie klorela ule mwani mwingine wa kijani, au niache tu?

MamaPacha
Pole sana shoga. Mi nimetumia miezi mitatu, mafua ya aleji yalipungua kabisa hilo nakiri, ila uchovu siwezi kukuambia ni yenyewe maana kipindi hichohicho nilianza kulala mapema. Choo cha kijani usiogope, ni rangi yake tu.

Wa_Maabara
Nakazia hapo, kijani sawa, ila kikiwa cheusi kama lami halafu kinanata hiyo siyo spirulina, inaweza kuwa damu ya tumboni, wahi hospitali.

Dada umepima damu? Naona kila siku watu wanaletwa wamemaliza makopo mawili matatu ya dawa za kuongeza nguvu na damu iko chini. Watu wanasema spirulina ina madini ya chuma mengi, ni kweli ukihesabu kwa gramu 100, zinakuwa na kama miligramu 28, lakini nani anakula gramu 100? Kijiko chako ni gramu 3 hivi, yaani hata miligramu 1 haifiki, na mwanamke wa umri wako anahitaji kama 18 kwa siku. Vitamini B12 inayoandikwa kwenye kopo nayo nyingi ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauitumii. Kapime picha kamili ya damu, feritini (hii ndo akiba ya chuma mwilini), TSH ya tezi ya shingo, sukari, na CRP ambayo ndo itakuonyesha hiyo inflamesheni kama ipo. CRP ipimwe pamoja na feritini, maana mwili ukiwa na inflamesheni feritini hupanda, unaona namba nzuri kumbe akiba imeisha.

MtiMkavu
Hospitali watakupa vidonge tu. Hii kitu ni ya asili, watu wa Ziwa Chad wameila miaka na miaka, ongeza iwe vijiko vitatu uone.

Wa_Maabara
Mkuu wanaila kama chakula, sijawahi kusikia wanatibu nayo uchovu wa miezi saba. Na asili haimaanishi salama, kuna mwani wa kijani-bluu unaovunwa kwenye maziwa ya wazi unaweza kuchanganyika na aina nyingine zenye sumu ya mikrosistini, hiyo inaumiza ini. Kopo lisiloonyesha kama limepimwa sumu hiyo na metali nzito mi silinywi. Kuhusu inflamesheni siyo uongo mtupu, ile rangi ya bluu ndani yake, fikosianini, inaituliza kweli maabara na kwa panya, na kwa watu kuna tafiti ndogondogo CRP ilishuka kidogo na nyingine haikushuka. Kwa hiyo hauwezi kuweka afya yako yote hapo.

GotiLangu
Mi nina baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kujishambulia, niko kwenye dawa za kushusha kinga. Nilianza spirulina kimyakimya bila kumwambia daktari, wiki ya tatu magoti yakavimba nikashindwa hata kuchuchumaa. Daktari akaniambia spirulina inaweza kuamsha kinga, wakati dawa zangu zinailaza, niache mara moja. Dada, vidole vyako vikianza kukaza zaidi ya saa nzima, au vinavimba na kuwa vya moto, usisubiri. Na klorela ina vitamini K nyingi, anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aiogope.

Nimechoka36
Wakuu nimerudi, nimepima. Damu 9.8, feritini 6, TSH na CRP ziko kawaida. Nimepewa vidonge vya chuma. Nililia pale kwenye benchi, siyo kwa huzuni, miezi yote hii nilidhani nimekuwa mvivu, hata watoto nilikuwa nawafokea bure. Chai naruhusiwa?

Wa_Maabara
Usilie mama, wewe siyo mvivu, feritini 6 ni tanki limekauka. Chai na kahawa vikae mbali na kidonge, walau saa moja kabla na mbili baada, meza na kitu chenye vitamini C. Choo kitakuwa cheusi, safari hii ni chuma. Nguvu utaanza kuziona baada ya wiki chache lakini usiache mapema, akiba inajazwa kwa miezi. Ila chuma imeenda wapi? Hedhi zako zikoje?

Nimechoka36
Za kawaida tu, siku nane au tisa, usiku naamka kubadilisha. Hata mama yangu alikuwa hivyohivyo.

MamaPacha
Shoga, siku tisa na kuamka usiku siyo kawaida hata kidogo. Daktari ulimwambia?

Nimechoka36
Hakuniuliza, na mi sikusema. Narudi Jumatatu.