Miaka inapita na MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, bado hawajamrudishia Galarraga mechi yake

Wakuu salaam. Naombeni nitoe la moyoni maana limenikaba. Juzi mtu kaweka orodha ya rekodi za besiboli Marekani, nikamuuliza mbona mrushaji Armando Galarraga hayumo kwenye mechi kamilifu, akanijibu rekodi ni rekodi, kubali yaishe. Sikubali na haiishi!

Kwa wasioufuatilia huu mchezo: mechi kamilifu ni mrushaji, yule anayewarushia mpira wapigaji wenye gongo, kuwatoa wapigaji wote 27 mfululizo bila hata mmoja kukanyaga besi ya kwanza. Tangu karne ya 19 MLB wamezihesabu 24 tu, yaani kuna warushaji wakali wamecheza miaka 20 wakastaafu bila kuionja.

Sasa tarehe 2 Juni 2010, Detroit, Tigers wanacheza na Cleveland. Galarraga, Mvenezuela ambaye wiki chache nyuma alikuwa bado yuko ligi ndogo, kawatoa 26. Awamu ya mwisho hiyo, dakika chache kabla Austin Jackson alikimbia ameupa mgongo uwanja akaudaka mpira kule mbali kabisa, watu wote wamesimama. Mimi nilikuwa Michigan kipindi kile, sebuleni kwa binamu yangu, hatukai, hatuongei. Anakuja wa 27, Jason Donald, kaugonga mpira wa chini, Miguel Cabrera akatoka kwenye besi yake akauokota akamrushia Galarraga aliyekuja mbio kufunika. Mpira uko kwenye glavu, mguu uko juu ya besi, Donald bado hajafika, maana yake katoka, tena hajafika kwa hatua nzima, macho ya mtoto mdogo yanaona. Refa Jim Joyce akatandaza mikono. Seifu, yaani kafika salama!!

Binamu yangu alishika kichwa akakaa chini sakafuni. Galarraga alitabasamu tu. Hakumfokea mtu, akarudi kwenye kilima chake cha kurushia akamtoa wa 28. Mechi ikaisha 3-0.

Na niseme wazi, Joyce sina ugomvi naye. Aliangalia marudio akakiri mbele ya waandishi kwamba kakosea, akamwomba kijana msamaha huku analia, na kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea karatasi ya vikosi pale uwanjani, mzee wa watu anafuta machozi. Wale wawili wamemalizana kiungwana kabisa. Hasira yangu ni kwa waliokaa ofisini. Kamishna wa ligi Bud Selig angeweza kurekebisha kesho yake asubuhi, refa mwenyewe amekiri, picha zipo, akakataa. Marudio ya video yalikuwepo tangu 2008 lakini kwa homrani tu (mpira unaopigwa ukavuka uzio wa uwanja), ikabidi tusubiri mpaka 2014 ndio wayapanue yafike kwenye makosa kama hili.

Halafu mnaniambia rekodi haziguswi? Haziguswi na nani? 1983 George Brett wa Kansas City alifutiwa homrani kwa sababu ya lami kwenye gongo lake, rais wa ligi akatengua uamuzi wa marefa na mechi ikaja kumaliziwa Agosti, wiki kadhaa baadaye. 1991 kamati ya MLB ilikaa mezani ikabadilisha tafsiri ya mechi kamilifu, Harvey Haddix aliyewatoa watu 36 mfululizo mwaka 1959 akaondolewa kwenye orodha kwa kalamu, miaka 32 imeshapita. 2024 wakaingiza takwimu za ligi za Weusi za enzi za ubaguzi na Josh Gibson akampita Ty Cobb kwa wastani wa kupiga wa maisha yote ya uchezaji, .372 kwa .367, jambo la haki kabisa na lilichelewa mno. Kumbe kalamu ipo na wino upo! Kwa Galarraga tu ndio unakauka?

Na hii kesi ni nyepesi kuliko zote hizo. Haibadilishi mshindi, haibadilishi msimamo, mpigaji wa 28 unamfuta tu na Donald anapunguziwa hiti moja (pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi). Basi.

Kuna mdau kaniambia eti jamaa alipewa gari, Corvette, ameshafidiwa. Mkuu, gari alipewa na kampuni ya magari, MLB hawajampa kitu. Mwenyewe mwaka 2020 alijitokeza hadharani kuomba mechi yake itambuliwe, mtu ameshastaafu, hatafuti mkataba wala hela, anaomba mstari mmoja kwenye kitabu. Mpaka leo naandika hapa ukifungua hicho kitabu, tarehe 2 Juni 2010, Cleveland wana hiti moja. Hawakuwa na hiti.