Wakuu mwaka unaisha, nimejifunza mengi ila nimekwama. Naombeni ushauri wa kuanza Januari

DadaViazi: Wakuu habari za jioni. Mwaka huu umenipiga haswa. Nafanya biashara ya viazi, nakusanya Isongole na huko juu Uporoto napakia kwenda Dar. Masika mzigo wangu ulilala mlima Kitonga, kuna lori lilianguka mbele njia ikafungwa, na viazi vilikuwa vimeng'olewa wakati wa mvua, vikaanza kutoa maji kwenye magunia, kufika sokoni dalali ananipa bei ya kutupa. Nikaingia kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili nizibe, wakaja kubeba friji na makochi watoto wanaangalia. Mume yuko Tunduma, simu anapokea akijisikia. Nilichojifunza ni usipakie mtaji wote gari moja, usikope kulipa deni, na ndugu wakijua umefulia hata salamu zinapungua. Sasa nina kama laki nane, nirudi kwenye viazi au nifungue genge hapahapa Uyole? Matusi pembeni.

Kijana wa Kabwe: Pole dada. Mi naona tatizo hapo sio viazi ni mume. Mtu yuko Tunduma hapo pua na mdomo hapokei simu??

Mbena Halisi: Kamwene dada. Usikate tamaa, mimi Njombe huku nilikuwa na parachichi zangu Hass, mnunuzi kaja kapima kasema hazijakomaa, kaondoka na kreti zake, wiki ya pili hapatikani. Tumekula parachichi nyumba nzima mpaka mbwa kanenepa. Mwaka uliofuata nikapata. Kwahiyo vumilia tu.

Mtumishi77: Umemshirikisha Mungu kwenye biashara yako au unamkumbuka Desemba?

Mzee wa Soko Matola: Mleta mada, umesema walibeba mpaka makochi. Hiyo laki nane imetoka wapi?

DadaViazi: Ipo tu mkuu. Swali langu ni viazi au genge.

Mzee wa Soko Matola: Binti yangu, hela ya kukopa, ya kuuza kitu na ya kuokota kila moja ina ushauri wake. Sema.

DadaViazi: Haya. Ni ya kikoba, mimi ndo mhazina. Tunavunja, yaani kila mtu anachukua chake, Jumamosi ijayo. Sasa kabla hamjaanza, mimi sio mwizi, nimewawekea hela yao mwaka mzima haijapungua hata mia, nataka niizungushe tu mzigo mmoja, mwanzoni mwa Februari narudisha na cha juu naweka. Viazi vya mwanzo ndo vinaanza kutoka na bei iko vizuri. Na mkulima nimeshampa advansi laki tatu kwahiyo msiniambie niache, niambieni nafanyaje.

Kijana wa Kabwe: Kumbe mume alikuwa na sababu za kutopokea 😂😂

Mama Lishe Mafinga: Mdogo wangu acha kabisa. Sisi mhazina wetu aliondoka na hela tunasikia yuko Chunya kwenye dhahabu. Kuna mwenzetu ile ilikuwa ada ya mtoto anaingia form one, Januari yote mtoto kakaa nyumbani anachunga mbuzi. Mimi yangu ilikuwa ya bati. Mpaka leo jiko langu linavuja na kila mvua ikinyesha namtaja yule mama kwa jina.

Afisa Mstaafu: Kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, akina mama wana 4 yao, haina riba. Ila inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, na wewe kikundi ndo unakiua.

DadaViazi: Sikiui jamani, naazima. Mwanaume akifanya hivi mnasema ana akili ya biashara.

Mzee wa Soko Matola: Umeshatoa laki tatu, basi huna laki nane, una laki tano na deni. Na hiyo "haijapungua hata mia" umeisemaje?

Msafwa Asili: Wakuu hii chai, stori ya kutunga. Kikoba gani mhazina analala na hela? Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, hata kuhesabu mnahesabu mbele ya wote.

Kijana wa Kabwe: Chai ya Tukuyu au ya Mufindi mkuu tujue tunaleta mihogo au chapati

DadaViazi: Sanduku tuliacha, wanachama wengine wako mbali wanatuma kwa simu. Hela iko kwenye laini.

Msafwa Asili: Laini ya nani?

DadaViazi: Yangu.

Msafwa Asili: 🙌🙌 Ama ni chai, ama kuna akina mama wanajiandaa kununua kitenge cha Krismasi ambacho hakipo.

Neema_Igawilo: Mimi niko kikoba Uyole na sisi tunavunja Jumamosi ijayo na hela inakaa kwa simu. Mleta mada nimekutumia PM naomba ujibu.

Mbena Halisi: Vikoba Uyole viko kila kichochoro mama, usipandishe presha.

Mama Lishe Mafinga: Mdogo wangu mpigie mwenyekiti leo, sio Ijumaa. Na huyo mkulima kama hajang'oa mwombe arudishe hata nusu, watu wa Isongole mkiongea vizuri wanaelewa.

DadaViazi: Mwenyekiti nimempigia, nimemwambia kuna hitilafu kidogo ya laini, kasema tuonane kesho. Mkulima hawezi kurudisha ameshanunulia mbolea. Neema sijaiona PM yako. Ila kama kuna mtu ana mteja wa uhakika Dar, gunia za kawaida sio lumbesa za kujazwa kupita kipimo, aje inbox mapema kabla ya kesho.

Mzee wa Soko Matola: Kidogo kiasi gani uliyomwambia?