"Ingia utafute mwenyewe": hospitali nzima hakuna anayejua faili la mama yangu liko wapi?

Mnazi Mkinda

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye benchi la hospitali. Bi mkubwa kakaa pembeni anamenya chungwa, mimi mikono inatetemeka kwa hasira. Makosa ya uandishi mnisamehe, au msinisamehe, leo sijali.

Yule dada wa dirisha la kadi mnamjua. Msijifanye hamumjui. Sitaji hospitali wala jina, lakini kila mtu wa Dar aliyewahi kuumwa huku mfuko umetoboka anamjua. Yule anayebana simu kwa bega. Yule ukimwambia "habari za asubuhi dada" anajibu "kadi."

Nikampa kadi. Akaitazama namba, akapiga miayo, akaitazama tena, halafu akatamka maneno nitakayoingia nayo kaburini: "Kaka, ingia utafute mwenyewe."

Ingia. Utafute. Mwenyewe.

Mimi ni fundi friji. Sijasomea mafaili. Nimemleta mama mwenye presha na sukari, daktari anataka kuona alimwandikia nini mara ya mwisho na vipimo vya figo vilisemaje, na mimi naambiwa nipite dirishani kwenda kufukua siri za watu. Nikauliza, "Niingie kutafuta nini dada?" Akasema, "Faili la mama yako. Si unalitaka?"

Sasa chumba chenyewe. Mlango haufungiki, umewekewa bunda la mafaili usijirudishe. Rafu zilijaa enzi za Mwinyi, yaliyofuata yote yako sakafuni, dirishani, kwenye maboksi ya biskuti na kwenye beseni. Beseni, wakuu! Masika maji yanaingia kwa chini, kwa hiyo yale ya sakafuni yamegandana, ukivuta la Abdallah linatoka na la Zuwena. Ukutani mchwa wamejenga barabara nzuri kuliko ya mtaani kwetu.

Halafu yamepangwa kwa majina. Kwa majina, Dar es Salaam hii! Mama yangu ni Asha, baba yake Juma. Piga hodi nyumba yoyote Temeke uulize Asha Juma, watatoka wawili. Na huyu kaandikwa Asha, yule Aisha, yule Aysha, mwingine Asia kwa sababu karani alikuwa na haraka, na kila mmoja ana kona yake.

Muda wote huo dada anakula mihogo ya kukaanga. Anachovya kwenye chachandu, ananielekeza kwa kidole chenye pilipili: "Jaribu kule nyuma ya feni." Wakuu, INGIA UTAFUTE MWENYEWE!

Na huko nyuma ya feni nikafungua faili nikidhani ni la mama, kumbe la mtu ninayemjua. Jirani kabisa. Nikalifunga hapo hapo, lakini macho hayana pazia.

La mama sikulipata. Nimeambiwa nilipie jipya. Kwa hiyo bi mkubwa leo kazaliwa upya: hana presha, hana sukari, hajawahi kupasuliwa. Juu ya jalada la zamani kulikuwa na wino mwekundu, HAPEWI PENISILINI, nakumbuka nilimwona nesi anauandika. Jalada jipya ni jeupe pee. Nimeomba kalamu niandike mwenyewe. Dada kasema kalamu hana, labda niingie niangalie mezani.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. Utafute MWENYEWE?

Kipanga wa Temeke

Siti ya mbele hii. Nimekaa.

Chachandu

Kwa hiyo uliingia?

Mnazi Mkinda

Ningefanyaje? Mama anaumwa.

Chachandu

Hahahaha kaingia! Kaambiwa ingia, kaingia! Mwanaume mzima na ndevu zake anafukunyua beseni. Halafu mkuu, chachandu niachie mimi, usinichafulie jina.

Bibi Harusi

Pole kwa mama. Jirani ana nini?

Kipanga wa Temeke

Hilo ndilo swali. Ya mama tutayarudia.

Mnazi Mkinda

Sisemi. Hiyo ndiyo hoja yangu nzima, kwamba SIKUTAKIWA KUJUA.

Bibi Harusi

Herufi ya kwanza tu.

Mtoto wa Mchikichini

Mleta mada samahani, wewe ni yule fundi friji wa Tabata? Naomba ufungue inboksi. Haraka kidogo.

Kipanga wa Temeke

NIMEKAA PALEEEE.

Dada wa Ukonga

Afadhali wewe umepewa hata chumba cha kutafutia. Zahanati ya huku kwetu faili ni wewe mwenyewe. Unanunua daftari dukani, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, daktari anaandika, unarudi nalo nyumbani na ugonjwa wako kwapani. La mwanangu mkubwa mdogo wake kalichorea magari. Juzi daktari kafungua atafute dozi ya malaria kakuta basi la Mbagala limejaa abiria. Kauliza, "Hii nayo nani kaandika?"

Mzee Kijiwe

Mimi nilinunua karanga Kariakoo, nakunjua karatasi nakuta majibu ya mkojo wa mtu. Jina lipo, umri upo, mtaa upo.

Chachandu

Karanga ulizifanyaje mzee?

Mzee Kijiwe

Karanga nilikula. Zilikuwa za moto.

Masijala Mstaafu

Vijana, nimefanya kazi ya masijala mpaka nimestaafu nayo, na hapa mnanikera wote, aliyeleta mada na wanaomcheka.

Mafaili ya wagonjwa hayapangwi kwa majina. Majina yanakaa kwenye kadi ndogo tu, au kwenye kompyuta, ili ukija umesahau kadi yako namba ipatikane. Rafuni kinachotawala ni namba, na namba yenyewe inasomwa kutoka mwisho. Chukua 12-45-07. Naenda kwanza sehemu ya 07, ndani yake natafuta 45, ndani ya 45 navuta 12. Mtu atauliza kwa nini tuanzie nyuma. Ukipanga kwa mfuatano wa kawaida, mafaili mapya yote yanarundikana mwisho wa rafu, na wagonjwa wa karibuni ndio wanaorudi mara kwa mara, kwa hiyo makarani wote wanakanyagana kona moja huku kwingine buibui wanalala. Ukifuata namba mbili za mwisho yanatawanyika yenyewe sehemu 100, kuanzia 00 hadi 99, na karani unamkabidhi eneo lake. Kuanzia hapo likipotea faili la 07 najua namwita nani.

Ukingo wa jalada unabandikwa rangi, kila tarakimu na rangi yake. Likichomekwa pasipo pake unaliona ukiwa mlangoni. Maana faili lililokaa mahali pasipo pake limepotea, hata kama liko humo humo chumbani.

Na faili halitoki hivi hivi. Pale lilipotoka unachomeka kadi ngumu: limekwenda kliniki gani, tarehe gani, kalichukua nani. Mara nyingi faili linaloitwa "halionekani" liko mezani kwa daktari, au kwenye droo ya mtu anayeandaa madai ya bima, au wodini chini ya godoro. Bila ile kadi utatafuta nyuma ya feni mpaka Idi.

Rafu ziwe za chuma, mbao ni chakula cha mchwa. Ya chini kabisa iinuliwe kutoka sakafuni, chumba kisipitiwe na bomba la maji juu, hewa ipite kwa sababu pwani hii unyevu unaotesha ukungu hata kwenye jalada jipya. Mtungi wa kuzimia moto uwepo, wa unga au wa gesi, siyo ndoo ya maji. Wagonjwa ambao hawajaonekana miaka mingi mafaili yao yanahamishiwa chumba kingine ili ya sasa yapumue. Nimesema yanahamishwa, siyo kwenda kufungia karanga. Kwenye ofisi za umma nyaraka haziteketezwi kienyeji, tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa tangu 2002.

Na mlango unafungwa kwa ufunguo. Asiyehusika haingii. Hata mume wa karani.

Chachandu

Mzee umesoma risala ya Mei Mosi. Sasa wa kulaumiwa nani?

Masijala Mstaafu

Siyo huyo binti. Sehemu nyingi chumba cha mafaili kinafanywa jela ya watumishi, ukikosana na mkubwa unatupwa huko, hufundishwi, huongezewi rafu. Halafu foleni ya mji mzima inasimama mbele yako uko peke yako.

Mnazi Mkinda

Mzee wangu shikamoo, darasa nimelipokea. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na mihogo.

Bibi Harusi

😂😂😂

Wakili wa Kijiweni

Nisaidie kidogo kisheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti, haijalishi zimo kwenye kompyuta au kwenye beseni. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inapokea malalamiko. Mleta mada una kesi nzuri, andika barua.

Chachandu

Aandike barua aseme nini, kwamba alisoma faili la jirani yake? Ataulizwa yeye kwanza.

Wakili wa Kijiweni

Aah. Hapo pana shida kidogo.

Mtoto wa Mchikichini

Mleta mada bado hujafungua inboksi.

Kijana wa Mifumo

Hivi karne hii bado tunagombania mabeseni? Serikali ina mfumo wa GoT-HoMIS kwenye hospitali zake, daktari anaandika kwenye kompyuta, dawa inaonekana dirisha la famasi mgonjwa hajafika. Karatasi zichomwe moto zote tuanze upya.

Masijala Mstaafu

Nimetoka kusema hazichomwi.

Dada wa Ukonga

Wewe kijana, umeme ukikatika? Nilikwenda kituo kimoja wana kompyuta kila meza. Nafika, "Mama, mtandao uko chini, subiri." Nimesubiri mpaka homa ikashuka yenyewe. Mwisho wakaniuliza, una daftari?

Kijana wa Mifumo

Hilo ni suala la jenereta, siyo la mfumo.

Mzee Kijiwe

Jenereta lipo, mafuta kanywa nani?

Kipanga wa Temeke

Nyie mnalilia faili la presha. Mimi faili la kiwanja! Ofisi moja ya ardhi, mwaka mzima naambiwa "limekwenda kwa mkuu". Nikamtafuta mkuu, kahamishwa mkoa. Nikauliza na faili? Yule kijana akanitazama kwa huruma akasema, "Huenda wamehama wote." Nimelipia hadi maji ya kunywa ya ofisi ile.

Bibi Harusi

Kipanga usinikumbushe. Sisi na shemeji yangu tumeuziwa kiwanja kimoja, watu watatu, wote tuna karatasi, zote zina muhuri. Ya kwetu muhuri wake ulikuwa bado unanuka wino.

Chachandu

Nyie wa viwanja bora. Mimi nimefiwa na faili la kesi mahakamani. Kila nikifika naambiwa liko kwa karani mwingine. Mtu niliyemshtaki tumeshapatana, ndiye ananipa lifti kwenda kulitafuta.

Dada wa Ukonga

😂😂 Umepatana naye kesi bado ipo?

Chachandu

Siwezi kuifuta bila faili.

Dalali Mwaminifu

Kwa wale wa viwanja, ninacho Chanika, 20 kwa 20, mita chache tu kutoka barabarani, mauziano serikali ya mtaa, hakina mgogoro. Karibuni inboksi.

Kipanga wa Temeke

Mita chache za dalali ni bodaboda ya buku tatu.

Mnazi Mkinda

Wakuu turudi kwenye mada. Mama kaitwa sasa hivi, daktari kauliza historia ya mgonjwa, nikamweleza yote kwa mdomo pamoja na ile ya penisilini. Kaandika, ila kwenye ile karatasi ya kuchukulia dawa. Nimemwomba aandike na juu ya jalada, kasema hiyo ni kazi ya dirisha la kadi. Kwahiyo NIRUDI PALE. Kwa yule yule. Aliyeniambia niingie nitafute mwenyewe.

Bibi Harusi

Dalali, maji yapo huko Chanika?

Dalali Mwaminifu

Yapo dada, kisima cha jirani.

Bibi Harusi

Ya chumvi?

Dalali Mwaminifu

Kidogo tu. Sabuni inatoa povu.

Mzee Kijiwe

Sabuni gani?