Nakala ya majaribio inauzwa mjini kama gemu kamili ya Kiswahili. Nani kaitoa?

Jamani, nimenyamaza siku nne nikitafuta maneno ya adabu. Sikuyapata, basi naandika hivi hivi.

Jumapili baada ya magharibi nilikuwa barazani hapa Makadara, Mombasa, akaja binti wa jirani yangu na kimashine mkononi, machozi yanamlengalenga. Babake alimnunulia wakati wa Idi, shilingi 4,500, kwenye duka moja la simu mjini. Akaniuliza, "Ami, safari yangu imekwenda wapi?" Nikakichukua, nikatazama skrini. Imeandikwa: "Hakuna safari iliyohifadhiwa."

Hayo maneno ni yangu. Niliyaandika mimi, usiku, stima inakatika na kurudi. Nikazima, nikawasha tena, nikaangalia pembe ya chini ya skrini ya kwanza. Alama ipo: "Jaribio 0.6". Mwili ukanifa ganzi. Gemu hiyo tunayoitafsiri hatujaitoa. Wanayo watu watano tu duniani, nao niliwapa waijaribu, na wote wamo humu jukwaani.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: ni gemu ya Game Boy Color, ile mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo, Kijapani kitupu, haikuwahi kutoka nje ya Japani. Jina nalibana makusudi, kwa sababu nikilitaja mtakwenda kuitafuta hiyo nakala mbovu. Tuko wawili, mimi na dadangu aliyesomea Kijapani. Yeye anatafsiri, mimi naipasua gemu ndani. Mwaka wa tatu huu, na hakuna aliyetulipa hata senti. Wala hatukuomba, maana tafsiri za mashabiki ndivyo zilivyo tangu zamani. Gemu ya Mother 3 ilitoka Japani mwaka 2006, na waliotaka kuicheza kwa Kiingereza waliletewa na mashabiki wenzao Oktoba 2008, bure. Sisi tulitaka mtoto wa Mombasa naye siku moja afungue gemu aone lugha ya nyumbani kwao.

Na si kubadilisha maneno tu, kama wengine wanavyodhani. Kijapani kinaandika silabi moja kwa alama moja. Ka ni alama moja, ri ni alama moja. Kiswahili nacho kinakwenda kwa silabi, ila silabi yetu inakula nafasi mbili, tatu, na ukifika kwenye "ng'wa" ndiyo usiseme. Skrini ya Game Boy ina nukta 160 kwa 144, na herufi moja inakula nukta nane, yaani herufi 20 kwa mstari. Toa fremu ya kisanduku, zinabaki 18, mistari miwili basi. Wajapani wanakwambia huwezi kutoroka kwa alama sita. "Huwezi kutoroka" ni nafasi 15. Halafu kumbukumbu ya katriji imekatwa mafungu ya baiti 16,384 (baiti moja ni kama nafasi ya herufi moja), na fungu likijaa huwezi kumwagia maneno yaliyobaki kwenye fungu la jirani ukategemea gemu itasimama. Kilichotuokoa ni hizo hizo silabi zetu. Zinajirudia mno: ka, wa, na, ni, li, ku. Kila jozi ya herufi nikaipa baiti yake moja, maneno yakaingia. Siku ile nilimpigia dadangu saa saba usiku.

Halafu ngeli. Kijapani kinachukua jina la kitu, kinabandika nyuma yake neno moja la kuvunjika, kwisha kazi. Kwetu ngao imevunjika, kisu kimevunjika, upinde umevunjika, jambia limevunjika. Gemu haijui hilo. Ikabidi kila kitu nikiongezee baiti moja ya ngeli yake, vitu 112, na niandike kipande kipya cha programu kinachoisoma baiti hiyo kabla sentensi haijatokea. Ukikosea kimoja tu, mchezaji anaambiwa "Upinde kimevunjika", na hapo hakuna tena tafsiri, kuna aibu.

Sasa mambo kama haya utayajuaje bila mtu kukivunja kila kitu, kimoja kimoja? Hiyo ndiyo kazi ya mjaribu. Sikuwaita mje kustarehe. Niliwaita mje kuivunja gemu mniambie ilipovunjikia. Na niliwaomba wenye Game Boy halisi waitumie hiyo, kwa sababu emuleta za zamani, zile programu za kompyuta zinazoiga Game Boy, zinasamehe na mashine yenyewe haisamehi. Ukipeleka herufi kwenye kumbukumbu ya picha wakati skrini bado inachorwa, mashine inaitupa. Kwenye kompyuta unasoma "Karibu mgeni", kwenye Game Boy unasoma "Ka ibu m eni". Nisingelijua hilo peke yangu.

Dada mmoja wa Likoni ndiye aliyeliona. Huyo Mungu amlipe. Ameniletea kasoro 41, kila moja na picha yake, mahali alipokuwa, alichobonyeza kabla, alichokuwa nacho mkononi. Anacheza akingoja feri. Aliona kwamba mvuvi wa gatini, ukiongea naye umeshika jambia, ukamkatalia, ukarudi tena, gemu inaganda. Nilimuuliza mbona aliongea na mvuvi mmoja mara tisa. Akanijibu, "Kwa sababu mara ya nane alijibu sawa."

Wengine wanne? "Iko poa." Kila Ijumaa, "iko poa kaka, kazi safi." Mmoja aliniandikia iko poa mpaka mwisho, na mwisho wenyewe katika 0.6 haukuwapo, sura ya tano ilikuwa bado Kijapani. Hata hilo nilinyamaza. Nikasema watu wana shughuli zao.

Lakini mmoja wenu hakukomea hapo. Aliichukua 0.6 akaipeleka dukani.

Na msiniambie ilikuwa bahati mbaya. Mimi sikumpa mtu gemu. Niliwapa kiraka, faili ndogo inayobeba tofauti tu, kwa sababu gemu yenyewe ina wenyewe na kila mtu anatakiwa aitoe kwenye katriji yake. Tena nilitumia muundo wa BPS, ambao unahakiki kwanza kama faili ya asili ndiyo yenyewe, si kama IPS inayobandika tu popote utakapoielekeza. Kwa hivyo mtu aliketi, akatafuta faili sahihi, akakipachika kiraka, akapata gemu nzima, akaitia kwenye kadi, akatoka nyumbani nayo. Hatua zote hizo alikuwa macho. Na faili ya SOMA KWANZA, mstari wake wa kwanza kabisa unasema "jina la mchezaji lisizidi herufi tano", hiyo akaiacha nyumbani.

Huo mstari ndio uliomponza yule mtoto. Gemu ya Kijapani inatenga nafasi ya alama tano kwa jina. Tano kwa Kijapani ni jina kamili, kwetu Omari anaingia na wengi wanabaki nje. Katika 0.6 nilifungua skrini ya jina ifike herufi nane, lakini ndani bado sijaihamisha. Herufi za ziada zinamwagika zinakalia alama ya mwisho wa jina pamoja na hesabu ya hatua unazotembea. Ukitembea, hesabu inabadilika, jina nalo linaharibika. Siku ikikuangukia vibaya, gemu inaposevu inalinakili jina isione linapoishia, inaendelea kuandika juu ya kila kitu. Ukiwasha tena inajumlisha, hesabu haikubali, inaona faili imeoza na inafuta yote. Unaweza kucheza wiki tatu salama, ya nne ukakuta hakuna kitu. Nilikuwa naijua kasoro hiyo. Ndiyo maana ikaitwa jaribio.

Binti huyo jina lake lina herufi nane. Aliliandika lote, kama mtoto yeyote atakavyofanya. Alikuwa amefika sura ya nne.

Nilikaa naye na babake hadi saa nne, kisha nikakaa peke yangu hadi saa nane usiku nikiichambua kumbukumbu ya kusevu, baiti 8,192, nikitafuta hata kipande. Zote FF, yaani tupu. Asubuhi ikabidi nimwambie.

Kesho yake nikaenda dukani. Vimashine vimepangwa kwenye kioo, kibandiko cha kalamu: "GEMU YA KISWAHILI – KAMILI". Nikamwambia muuzaji ile ni kazi yangu na haijakwisha. Akaniambia yeye amenunua kutoka kwa mtu, mambo yangu niyamalize na huyo mtu. Tena akaongeza, wateja wanalalamika tafsiri ina makosa, kuna mzee anasema "mato yangu hayaoni tena", aliyeandika hajui hata "macho". Nilishindwa kumjibu. Mzee yule ni mvuvi, anasema Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, kwa sababu sisi tulitaka aseme Kimvita. Bibi wa kijijini anamwita mtoto "ndoo hapa mwanangu", yaani njoo, kwa sababu bibi yangu mimi aliniita hivyo hivyo, Kibokoni. Mfalme ndiye anayesema Kiswahili cha vitabuni. Tulibishana wiki nzima mimi na dadangu nani aseme vipi. Leo ndani ya Mombasa hii, mtu anauza kazi yetu na kutuambia mato ni kosa.

Sasa nisikilizeni. Kila kiraka nilichowapa kina namba yake, baiti moja tu, inaonekana ukishikilia kitufe cha Select kwenye skrini ya kwanza. Niliiweka ili nijue ripoti imetoka kwa nani, sikuwaza wizi. Kwenye kimashine cha yule binti nilishikilia Select. Namba ni 3.

Mwenye namba 3 anajijua, nami namjua, tumekula viazi karai pamoja. Jina sitaliandika hapa. Nataka uende dukani mwenyewe, uwaambie waiondoe, uwarudishie pesa uliyochukua. Halafu uje Makadara uongee na babake yule mtoto, si na mimi.

Wengine wawili ambao mmeshaniandikia kwamba mlinunua pale: msisevu tena kama jina lenu limepita herufi tano. Acheni mashine ilivyo. Nimetengeneza kiraka kingine cha kuitoa 0.6 iliyoharibika kuifikisha 0.7, na jina nimelihamishia sehemu tupu ya kumbukumbu. Dada wa Likoni ameshalitembeza hatua elfu sitini, ameandika herufi zote nane. Mnikute barazani baada ya isha, mje na kebo zenu.