Noti ya dola 20 ya mwaka 1929: nipige pasi?

Habari za jioni wanajumuiya,

Nimenunua kabati kuukuu kwenye mauzo ya vitu vya marehemu hapa Ohio. Kuchomoa droo ya chini, nakuta noti ya dola 20, ya 1929, muhuri wa kahawia, imekunjwa mara nne. Baba Zuhura anasema ni bandia. Benki wataipokea? Na hii mikunjo, nipige pasi?

Mama Zuhura

—

Shikamoo Mama Zuhura,

Pasi weka chini kabisa! Yangu niliifua kwa sabuni ili ing'ae. Mnunuzi hakusema neno, aliinusa tu, akakata bei nusu.

Benki wataipokea, ni pesa halali mpaka leo, ila utapewa ishirini ileile. Kwanza soma kushoto kwa picha ya Rais Jackson. Ukikuta jina la Federal Reserve Bank, yaani benki kuu ya Marekani, na herufi kubwa nyeusi, hiyo ni ndugu tu wa zile zinazotafutwa, nazo zipo nyingi. Ukikuta benki ya mji fulani na namba nyeusi kubwa kila upande, hapo kaa chini. Namba hiyo ni ya hati ya usajili wa benki yenyewe. Kuanzia 1863 hadi 1935 benki za kawaida ziliweka hatifungani za serikali huko Washington, zikapewa noti zenye majina yao.

Kinacholeta bei ni mji, uzee peke yake hausaidii. Za Chicago au New York zimejaa, zikiwa zimechakaa pengine hazifiki hata dola 100. Benki ya kijijini iliyotoa noti chache ndiyo inayogombaniwa, hasa na watu waliozaliwa hapohapo. Za Alaska au Hawaii usiseme.

Itie kwenye mfuko mgumu wa plastiki. Halafu angalia kumbukumbu za minada ya kampuni ya Heritage uone benki hiyohiyo iliuzwa ngapi. Bei anayojiandikia muuzaji eBay ni ndoto zake.

Juma

—

Marahaba mwanangu. Ni First National Bank, namba ipo kila upande. Mji wenyewe napita nikienda kazini: kituo cha mafuta na kanisa, hakuna kingine. Baba Zuhura sasa anakumbusha kwamba kabati alilibeba yeye.