Cacti, Zabbix au Prometheus: ipi itaniambia laini itajaa lini?

FundiNyalenda (Kisumu)
Wadau, habari za jioni. Nina mtandao mdogo wa nyumba kwa nyumba hapa Nyalenda na Manyatta, na tawi Ahero linalolishwa kwa redio. Laini ninayonunua ni Mbps 300. Ikifika saa tatu usiku simu zinaanza: "Intaneti inazunguka tu!" Lakini grafu ya mwaka kwenye Cacti, programu ninayopimia trafiki (data inayopita kwenye laini), inaniambia sijawahi kupita 160. Aliyeniuzia laini anataka nipande hadi 500, na mfuko haucheki. Nibaki na Cacti, nihamie Zabbix, au nijifunze Prometheus, ambazo nazo ni za kupima mitandao? Halafu kuna hii: grafu ya redio ya Ahero ni msumeno. Jioni inapanda hadi mia na kitu, inaporomoka, inapanda tena. Redio yenyewe nzima, nimepanda mnara nikaikagua.

MamaSwichi (Nakuru)
Kaka, usihame kwanza. Hiyo 160 ni wastani. Cacti huhifadhi data kwa RRDtool, hifadhidata ambayo hubana vipimo kuwa wastani kadiri vinavyozeeka. Kwa mpangilio wa kawaida wa zamani, vya dakika tano hukaa kama siku mbili, vya nusu saa wiki mbili, vya saa mbili miezi miwili, kisha unabaki na namba moja kwa siku. Saa tatu usiku yako imechanganywa na saa tisa usiku watu wakikoroma. Ukipima mto Nyando kwa wastani wa mwaka, utaapa Ahero haijawahi kuona mafuriko. Fungua grafu ya leo.

FundiNyalenda
Nimefungua. Kuanzia saa mbili na nusu ni 294, 296, 297. Juu pamenyooka kama meza.

MamaSwichi
Basi imejaa, na pengine kitambo. Na hapo penye meza usijaribu kutabiri chochote: 297 ni ukuta, si mahitaji. Waliotaka zaidi ndio hao wanaokupigia simu. Programu yoyote ukiipa data hiyo itakwambia trafiki imeacha kukua.

RautaYaMulembe (Kakamega)
Kwa ulinganisho wenyewe: nimetumia zote tatu. Prometheus ina predict_linear, inayorefusha mstari wa data iliyopita hadi siku zijazo, tamu sana, ila usipoigusa huhifadhi siku 15 tu, na mstari ulionyooka haujui kalenda. Nina shule ya bweni kati ya wateja. Shule zilipofunga Agosti, ikanitabiria trafiki itashuka chini ya sifuri. Nilicheka peke yangu ofisini. Zabbix ina forecast (itafika ngapi) na timeleft (itajaa lini), na kubwa zaidi, kwenye data ya muda mrefu huweka kwa kila saa kiwango cha chini, wastani na cha juu. Kilele cha mwaka jana unakikuta palepale. Ubaya wake ni hifadhidata: hunenepa, na stima ikipotea bila UPS utajuta. Kwa mtandao wa ukubwa wako ningechukua Zabbix.

MzeeWaMnara (Kisumu)
Omera, huo msumeno wa Ahero ni kaunta, ile namba ambayo kifaa huhesabia data iliyopita. Unasoma ifInOctets ya biti 32, siyo? Hiyo ikijaa hurudi sifuri. Ukiisoma kila dakika tano, haiwezi kuonyesha zaidi ya Mbps 114 hivi. Trafiki ikifika 150, wewe unaona 35. Weka SNMP (njia ya programu kuuliza vifaa vipimo vyao) toleo la 2c, usome ifHCInOctets, ambayo ni biti 64.

FundiNyalenda
Mzee, shikamoo! Nimebadilisha jana, msumeno umekwisha. Jioni ya leo Ahero imefika 171. Kumbe nimekuwa nikilaumu redio ya watu bure. Swali la mwisho: muuzaji anasema tupange kwa asilimia 95, yaani tutupe asilimia 5 ya vipimo vya juu kabisa vya mwezi, eti ndiyo desturi.

MamaSwichi
Hiyo ni desturi ya kulipishana. Asilimia 5 inayotupwa kwa mwezi wa siku 30 ni saa 36, yaani saa moja na dakika 12 kila usiku. Saa ipi hiyo, kama si ile ya simu zako? Kwa kupanga, tazama kilele cha kila wiki, kisha kiweke sambamba na idadi ya nyumba ulizounganisha. Nyumba unazijua kabla hazijaja, trafiki huijui. Mimi huagiza kilele kikigusa asilimia 70 ya laini, kwa sababu huku kwetu kuletewa huchukua muda.

FundiNyalenda
Cacti nitaiacha ikimbie kando ya Zabbix hadi nizoee. Laini ya 500 nimeagiza leo, wamesema wiki sita. Sasa wateja wa saa tatu nitawaambiaje?

MzeeWaMnara (Kisumu)
Waambie wiki nane. Na usiunganishe nyumba mpya Manyatta hadi ifike.