Mjadala: Mwenyeji wa wapi hasa ndiye aandike safari za huku kwetu?

Ndugu yangu aliyetangulia amesema habari za safari zinazogusa ardhi na misitu yetu ziandikwe na wenyeji peke yao, maana mgeni haoni kitu. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, na nakubaliana naye nusu.

Mgeni akipita pwani anaandika "mikoko", basi, kashamaliza. Baba yangu ni fundi wa majahazi. Akiingia kule matopeni anaona miti mbalimbali: mlilana huu hapa mbele, unapigwa na maji, ndio wa mataruma, yaani mbavu za jahazi, mkandaa uko nyuma, wazee waliutafuta kwa nguzo za nyumba. Mkoko mwingine, mchu, baba alinifundisha kuujua kwa ulimi. Lamba jani lake, utaonja chumvi. Asiyejua haya ataandika kwamba mikoko imekatwa, asijue ni mti upi uliokatwa wala nani kakosa riziki.

Lakini mwenyeji wa wapi? Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa wa hapa hapa Bagamoyo. Safari yake ya Udoe hadi Uzigua, na habari za Wadoe na mila zao, ilichapwa Ujerumani mwaka 1901 katika mkusanyo wa Mjerumani Carl Velten. Tunajivuna naye, na ni haki yetu. Ila kwa Mdoe aliyempokea, Mtoro alikuwa mtu wa pwani aliyekuja kutazama mambo ya watu. Hili sisi wa pwani hatupendi kulisema. Tunalalamika Mzungu katuandika vibaya, kisha tunawaandika majirani zetu wa bara, Wadoe na Wakwere, kana kwamba nchi yote ni yetu.

Nami nimelikosea hilo. Niliandika safari yangu ya huko kwao, kichaka kimoja juu ya kilima nikakiita pori. Mama mmoja nilipomsomea akanikatiza: "Mwanangu, hapo si pori. Hapo wamelala wazee wetu." Nililifuta neno lile mbele yake, na mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo napinga sharti la kabila. Ninalotaka ni hili: andiko lisomwe kwanza kwa wenye mahali, kwa sauti, na wawe na haki ya kusema hapana. Ndugu zangu Wadoe na Wakwere, nyinyi hamjasema bado. Mtu wa Bagamoyo mjini akija kuandika vilima vyenu, mtamkubali?